Nataka kuanzisha huduma ya kufulia watu nguo, utafiti wa ana kwa ana nauanzaje?

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Nina wazo la kufuata nguo chafu majumbani, kufua, kupiga pasi na kuzirudisha. Ndugu na marafiki wote wanasema wazo zuri anza tu, ila roho haijatulia maana hawa wananipenda, nataka niongee na watu nisiowajua kabla sijatoa hela ya mashine. Sasa nawakabilije, wangapi wanatosha, na nitajuaje mtu anamaanisha na sio ananiridhisha tu? Dodoso ninalo, swali la kwanza ni "je, ungependa huduma hii?"

Mzee wa Mauzo: Mkuu hilo swali lifute kabisa. Mtu ukimuuliza "ungependa" atakujibu ndio, haimgharimu kitu. Muulize alichokwisha kufanya: nguo za wiki iliyopita zilifuliwa lini, na nani, alilipa au alifua mwenyewe, na ile siku nguo ya kazini haijakauka alifanyaje. Huduma yako usiitaje mpaka umalize kusikiliza, ukiitaja mapema tu anaanza kukuonea aibu. Kuna utafiti wa LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, wa 1934, alizunguka Marekani na mume na mke Wachina kipindi ambacho Wachina walibaguliwa sana, wakapita hoteli na migahawa 251 wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akawatumia wenye sehemu hizo barua kuuliza kama wangepokea Wachina, zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Kwa hiyo usijenge biashara juu ya kauli ya "nitafanya" au "sitafanya".

Dada Takwimu: Hapo juu umemaliza, mimi naongezea suala la nani unamhoji. 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais, Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, ambao enzi hizo walikuwa wenye uwezo, halafu wengi waliotumiwa karatasi hawakurudisha. Na kwako hili ni kubwa kuliko unavyodhani, maana ukisimama mtaani mchana anayesimama kukusikiliza ni mwenye nafasi, na mwenye nafasi mara nyingi anafua mwenyewe!! Mteja wako ni yule anayekupita mbio. Mfuate jioni anaporudi kazini, muombe dakika mbili tu au namba umtafute siku akiwa ametulia.

Mleta uzi: Hili la wanaopita mbio sikuwa nimeliwaza kabisa, asante sana dada. Na idadi je?

Dada Takwimu: Kwa mazungumzo marefu hakuna namba maalum, unaendelea mpaka majibu yaanze kujirudia, ila kila kundi kivyake, wanaoishi peke yao usiwachanganye na familia zenye watoto wadogo. Na ukihoji watu wachache usije ukaanza kutoa asilimia, hazina maana.

Kimya Kimya: Mimi natofautiana kidogo na wakuu, maswali hata yawe mazuri vipi yana mwisho wake. Ukishasikiliza mtu akalalamika kweli kuhusu kufua, mwambie bei kamili, nyamaza, halafu muulize "nije kuchukua lini?" Akikupa siku na nguo, huyo mteja. Akisema "wazo zuri, ukianza nishtue", andika hapana. Hao wa mwanzo wafulie hata kwa mikono au kwa mtu mwenye mashine tayari, hasara yake ndogo na utajua kama wanarudia mara ya pili, mimi kurudia ndio naamini kuliko kitu chochote.

Mama Ushauri: Mwanangu nenda na mwenzako, mmoja aulize mwingine aandike, na aandike maneno yao yenyewe sio tafsiri yenu. Jitambulishe wewe ni nani na unafanya nini, omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ukiwa kwenye eneo la mtu muone mwenye eneo kwanza. Ndani ya nyumba ya usiyemjua usiingie peke yako, ongeeni hapo mlangoni.

Mleta uzi: Nashukuru mama, nashukuru wote. Dodoso nalichana, naandika maswali upya usiku huu nayaweka hapa mnikosoe kabla sijatoka.

Mzee wa Mauzo: Yaweke mkuu. Na kila lenye "ungependa" litoe mwenyewe kabla hatujaliona.