Nimetolewa kwenye grupu kwa kusema duara la futiboli ya Kimarekani lilianza na viziwi

Wakuu, mods, naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa Super Bowl. Kule utazama na mimi nataka watu wausome.

Niko Maryland mwaka wa tisa sasa. Tuna grupu la WhatsApp la watu wa Afrika Mashariki tunaofuatilia futiboli ya Kimarekani: Wabongo, Wakenya, na Wakongo wawili watatu. Jumapili admini katupia sauti ya dakika sita anatufundisha "historia ya mchezo". Kafika pale wachezaji wanapojikusanya duara kabla ya mpira kuanzishwa, vichwa chini, kwotabeki (mchezaji anayeongoza shambulizi) anagawa maelekezo. Akasema hiyo ni akili ya kocha wa Chuo Kikuu cha Illinois, miaka ya 1920. Nikaandika kwa adabu kabisa: kaka, kabla ya huyo kuna Gallaudet, chuo cha viziwi, 1894. Jibu lake: "Sasa mabubu watapangaje mbinu?" Zikafuata emoji za kucheka, skrini nzima. Nilimjibu vibaya, nakiri, na sijutii. Hazikupita dakika mbili nikatolewa.

Mdogo wangu wa kike ni kiziwi. Neno "bubu" nyumbani kwetu Morogoro bibi alilipiga marufuku kabla binti hajaanza darasa la kwanza, na bibi mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Leo mtu mwenye digrii mbili ananiandikia "mabubu" na watu wazima wanacheka.

Haya, twende kwenye hoja, msije mkasema nimekuja kulia tu.

Gallaudet kipo Washington, si mbali na Bunge lao. Rais Lincoln alitia saini sheria ya kukiruhusu kitoe shahada mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe bado vinapiganwa. Miaka ya 1880 vijana wake wakaanza kucheza futiboli, na mwaka 1894 kwotabeki wao alikuwa Paul Hubbard. Wakikutana na timu ya wanaosikia, Hubbard hana presha: anapanga shambulizi kwa mikono mbele ya macho yao na hawaambulii kitu. Balaa lilikuwa wakikutana na viziwi wenzao. Wale wanasoma kila ishara kutoka upande wa pili wa uwanja, kama umewasomea kwa spika. Ndipo akawaita wenzake wamzunguke, migongo nje, mikono ndani. Biashara ikaisha. Alipomaliza chuo akaenda kufundisha shule ya viziwi Kansas, na duara akaenda nalo.

Wapo wanaosema duara lilianzishwa na kocha Stagg wa Chuo Kikuu cha Chicago, wapo wanaomtaja Zuppke, huyo kocha wa Illinois wa admini. Zuppke alilitangaza duara hadi likazoeleka vyuo vikubwa, hapo sina ugomvi na mtu. Ila mpiga debe wa stendi hawezi kugeuka kuwa ndiye aliyeunda basi.

Na hebu jiulizeni, kwa nini makocha wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, wanaziba midomo kwa yale makaratasi yao wakiongea? Kwa nini hata kwenye soka letu wachezaji wanaziba mdomo kwa kiganja kamera ikiwasogelea? Wanaogopa kusomwa. Ni tatizo lilelile la Hubbard, limewafikia wenye masikio wamechelewa. Mdogo wangu huangalia mechi bila sauti na mara nyingine ananitafsiria matusi ya makocha yaliyoponyoka pembeni ya karatasi. Mengine siwezi kuyaandika hapa.

Halafu kuna kitu admini angekijua angeona aibu, kama aibu anayo. Sehemu ya chuo pale mwanzo iliitwa Chuo cha Taifa cha Viziwi na Mabubu. Jina hilo wakalitupa na kukiita Gallaudet mwaka 1894, mwaka uleule wa duara! Yaani Wamarekani walilitupa neno hilo miaka mia moja thelathini iliyopita, mtu wetu kaliokota jana.

Timu haikuishia hapo. Kwa miaka mingi walikuwa na ngoma kubwa pembeni ya uwanja, inapigwa, mchezaji anausikia mtikisiko mwilini na kujua wakati wa kuanza shambulizi. Mwaka 2013 walibeba ubingwa wa kanda yao na kuingia mtoano wa kitaifa wa daraja la tatu kwa mara ya kwanza. Oktoba 2023 wakacheza na chuo cha Hilbert, kwotabeki amevaa helmeti yenye kioo kidogo ndani: kocha anachagua mbinu kwenye tableti, inatokea mbele ya jicho la mchezaji. Wakashinda 34 kwa 20.

Na kwa wale waliosema kwenye grupu "hayo ya Wazungu yanatuhusu nini", mtafuteni Andrew Foster. Mtu mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet, mwaka 1954. Mwaka 1957 alikuwa Ghana anafungua shule ya viziwi, akaendelea nchi hadi nchi Afrika hii, zaidi ya shule thelathini. Alifia Rwanda kwenye ajali ya ndege mwaka 1987. Rwanda, wakuu, hapo jirani tu. Hayatuhusu?

Kurudishwa grupuni sitaki, wabaki nalo. Ninachotaka ile sauti ifutwe, maana najua imeshasambazwa kwenye magrupu mengine matatu, na juzi mtoto wa jirani kanisimulia habari za huyo kocha wa Illinois kama sala. Admini najua humu unapita, na ID yako naijua. Una ushahidi wa duara kabla ya 1894? Ulete hapa. Mdogo wangu yuko pembeni yangu anasoma kila komenti.