Gumzo la ukoo: magita, solo na wale wanaokaa nyuma

Juma: Shikamooni wakubwa wote. Nimeona tena listi ya wapiga gita bora duniani na namba moja ni yule yule Jimi Hendrix. Sasa kabla sijaenda kugombana na watu nisiowajua nataka nigombane na nyie kwanza 😂 kila mtu ataje watatu wake

Shangazi Rehema: Marahaba. Franco, Franco na Franco

Asha: 😂😂 shangazi watatu TOFAUTI

Shangazi Rehema: Ni tofauti. Yule kijana wa mwaka 1956 anaanza na bendi yake ya OK Jazz kule Kongo, yule wa miaka ya 70 mwenye mwili na hela, na yule wa mwisho mwisho kabla hajafariki 1989. Watatu hao, hesabu

Asha: Haya. Mimi BB King, Ali Farka Touré, Mbaraka Mwinshehe

Juma: Mimi Hendrix, Tony Iommi, Eddie Van Halen

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Hao wako nimemsikia mmoja tu. Mimi niandikieni Mwenda Jean Bosco. Hao wengine wawili sina haja nao.

Mjomba Hamisi: Wote mmetaja watu wa mbele. Hakuna hata mmoja aliyetaja mpiga rithimu, yule anayeshikilia mapigo nyuma ya solo. Yaani mnasikiliza muziki kwa sikio moja

Juma: Ameanza 🙆🏾‍♂️

Neema: Shikamoo babu, shikamooni wote. Babu huyo Bosco ndio nani?

Babu: Marahaba Neema. Bosco alikuwa mtu wa Katanga kule Kongo anaimba Kiswahili, na alikuwa peke yake na gita la mbao lisilo na umeme. Mwaka 1952 akaja mzungu mmoja Hugh Tracey anazunguka na mashine ya kurekodia akamkuta Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi, akamrekodi. Sasa wewe unayejifunza gita sikiliza kwa makini, yule anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, gumba linatembea chini na besi halisimami, cha shahada kinapiga wimbo juu na kinachelewa kidogo makusudi, vijana wengi wakisikia mara ya kwanza wanabisha kwamba hao ni watu wawili. Mwaka 1969 alikwenda mpaka Newport kule Marekani kwenye tamasha. Huyo ndiye.

Neema: Vidole viwili?? mimi vitano vinanishinda

Mjomba Hamisi: Babu hapo umenisaidia, maana lile gumba ndilo rithimu yenyewe

Babu: Sikukusaidia.

Asha: 😂😂😂

Juma: Sawa babu ni mkali, lakini ngoja nimtetee mtu wangu. Hendrix alikuwa wa mkono wa kushoto, akachukua gita la watu wa kulia, Stratocaster, akaligeuza juu chini na nyuzi akazifunga upya. Halafu ule mlio unaotoka ukisogeza gita karibu na spika, ule unaoumiza masikio, watu wote walikuwa wanaukimbia, yeye akaukamata akaufanya noti, anaupandisha anaushusha anavyotaka. Ule wimbo wa taifa wa Marekani alioupiga kwenye tamasha la Woodstock 1969 unasikia mpaka mabomu. Na alikufa 1970 ana miaka 27 tu, umaarufu wake wote ni kama miaka minne hivi. Nani mwingine amebadilisha chombo kwa muda mfupi hivyo

Mjomba Hamisi: Juma sikatai hata kidogo. Ila unajua kabla ya hapo alikuwa wapi? Alikuwa anapiga nyuma ya watu. Little Richard, Isley Brothers, amevaa suti ya sare kama wenzake, kazi yake kushika kodi za gita, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kutomfunika mwimbaji. Ndiyo maana bendi yake ilikuwa watu watatu tu na husikii pengo. Sikiliza anavyopiga akiwa ANAIMBA, acha zile solo, sikiliza mkono wa kulia pale ambapo wewe unasikiliza maneno. Kuna rithimu na vijisolo vidogo humo humo ndani ya kodi, gumba limekunjwa juu ya shingo ya gita linashika nyuzi ya besi. Wanaomwiga wanaiga kelele, ile sehemu ndiyo inawashinda

Juma: Hii ndo mara ya kwanza tumekubaliana na simu yangu imeshangaa

Shangazi Rehema: Mmemaliza Marekani? Turudi kwa Franco

Asha: Turudi shangazi, lakini sema ukweli, Franco hakuwa na spidi. Dokta Nico ndo alikuwa na vidole

Shangazi Rehema: Nani kasema spidi? Mimi nilimpenda Nico sana, safi, tamu, kila noti imepigwa pasi, ile nyimbo ya uhuru wa Kongo 1960 waliyorekodi Brussels na Kallé, kiongozi wa bendi yake, nikiisikia mpaka leo nasimama. Lakini Nico unamkalia kitako unamsikiliza. Franco anakuinua. Yule alianza utotoni na gita la kutengeneza mwenyewe la bati na nyaya, na mpaka anazeeka gita lake lilibaki na ukali ule wa bati, anavuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa gumba na kidole, halafu kile kipande kifupi anakirudia, anakirudia, anakirudia, unasema sasa atabadilisha, habadilishi, mpaka unajikuta umeshasimama na hujui ulisimama saa ngapi. Huo ujasiri wa KUTOBADILISHA wapiga gita wengi hawana, wanaogopa watu watachoka

Asha: Hapo kwenye kutobadilisha umeongea shangazi

Mjomba Hamisi: Na nani alikuwa anamshikia wakati anarudia hivyo?

Shangazi Rehema: Haya sema, maana hata nisipouliza utasema

Mjomba Hamisi: Simaro Lutumba! Kaingia OK Jazz mwanzoni mwa miaka ya 60, amekaa hapo na rithimu miaka nenda rudi, na huku anatunga nyimbo ambazo watu wazima wanalia. Mnamjua kwa utunzi, gita lake hamlijui. Na huyo Nico wenu nyuma yake alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, Dechaud. Nico akiteleza juu Dechaud yuko chini hajasogea hata nywele. Mtoe Dechaud uone kama zile noti za Nico zitakuwa tamu vile

Neema: Mjomba sielewi, kwani kwenye bendi wanakuwa na magita mangapi? si linatosha moja?

Mjomba Hamisi: Swali zuri mwanangu. Kwenye muziki wa Kongo na dansi letu magita yamegawana kazi. Kuna besi chini. Kuna rithimu anazungusha kodi. Kuna solo juu. Halafu katikati kuna mi-solo, wengine wanamwita solo la pili, yule anajibu solo na wakati huo huo anaungana na rithimu. Kila mmoja anapiga kitu kifupi sana, ukimsikiliza peke yake utasema huyu hajui kitu, noti nne tano anarudia. Sasa yakikutana, noti za mmoja zinaingia kwenye matundu ya mwenzake, unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga. Sebene ikiingia, ile sehemu ya magita na kucheza, waimbaji wamenyamaza, hapo ndo utajua nani fundi, maana mmoja akiwahi kidogo tu lote linavurugika. Chukua ile Sina Makosa ya Les Wanyika, kila mtu akiimba anaimba na besi ya Tommy Malanga bila kujijua, lakini ziba masikio kwa besi utafute rithimu ya Professor Omar Shabani ndani yake

Juma: kuziba masikio kwa besi ndo vipi sasa mjomba 😂

Mjomba Hamisi: Umenielewa

Asha: Mjomba mimi nina swali moja tu na nataka jibu, si hotuba. BB King. Mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba kodi si kazi yake. Akiimba gita limenyamaza, akipiga gita mdomo umenyamaza, hakuchanganya. Rithimu hakupiga. Ni mkubwa au si mkubwa?

Mjomba Hamisi: Ni mkubwa

Asha: Basi nadharia imekufa, tulale

Mjomba Hamisi: Subiri wewe. Noti ya BB inafika nyuma ya ngoma kidogo, kila mara, na kipimo ni kile kile. Mtu asiye na rithimu kichwani hawezi kuchelewa hivyo, atachelewa ovyo. Kwake rithimu imehamia kwenye ule ukimya kabla ya noti

Asha: Unazunguka mbuyu mjomba. Kinachomfanya BB awe BB ni ule mtetemo wa kidole cha kushoto, anashika noti MOJA anaitikisa mpaka unajua ni yeye, hata kama redio iko chumba cha jirani. Ndo kipimo changu mimi, noti moja nikujue. Hao wa Juma wenye noti mia kwa sekunde nikifumba macho siwajui nani ni nani

Juma: Van Halen unamjua hata ukiwa umelala!! watu walianza kugonga shingo ya gita kwa mikono miwili baada ya kumsikia yeye 1978, walikuwepo waliofanya kabla yake ndiyo lakini yeye ndo aliwatia wazimu. Na spidi si dhambi, mbona Diblo Dibala hamumsemi, aliitwa Machine Gun huyo, na mnacheza

Shangazi Rehema: Diblo mwache. Ile spidi yake ina kiuno

Babu: BB King aliingia kwenye ukumbi unaoungua moto kufuata gita. Nimesoma.

Asha: Kweli babu, 1949, Arkansas. Wanaume wawili waligombania mwanamke wakaangusha pipa la mafuta la kuotea moto, ukumbi ukawaka, watu wote nje, yeye akakumbuka gita ndani akarudi. Mwanamke aliitwa Lucille, basi kila gita aliloshika tangu hapo kaliita Lucille, ajikumbushe asirudie ujinga ule

Shangazi Rehema: Si angenunua jingine? Jamani wanaume

Shangazi Rehema: Na mnaona mmetaja watu kumi na kitu, mwanamke hakuna hata mmoja zaidi ya huyo Lucille ambaye ni gita

Asha: 💀

Juma: Sister Rosetta Tharpe. Nyimbo za injili na gita la umeme kabla hao wa rock n roll hawajajulikana. Ukiangalia zile video, mama wa watu amevaa koti la heshima halafu analicharaza hivi, Chuck Berry nzima iko mle

Mjomba Hamisi: Na Elizabeth Cotten. Neema huyu ndo wako. Kazaliwa 1893, wa mkono wa kushoto. Hendrix alizifunga upya, huyu mama akaligeuza na nyuzi akaziacha hivyo hivyo, besi zikawa chini. Kwa hiyo vidole ndo vinapiga besi na gumba ndo linapiga wimbo, kinyume cha Bosco. Kisha akaliacha gita miaka mingi, akawa anafanya kazi za ndani kwa familia ya Seeger, familia ya wanamuziki, ndo siku moja wakamkuta ameshika gita lao. Albamu ya kwanza ana zaidi ya miaka 60. Grammy ana zaidi ya 90

Babu: Huyo niongezeeni kwenye listi yangu.

Juma: Babu si ulisema huna haja na wengine 😂

Babu: Sasa ninayo.

Neema: Mimi vidole vinauma jamani, ncha zote zimevimba, na mkono wangu mdogo, kodi ya F nikishika inatoa sauti ya kijiko. Labda gita si la kwangu

Juma: Neema Tony Iommi mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili ana miaka 17, na ni mkono ule ule wa kushikia nyuzi. Msimamizi wake wa kazi akamchezea rekodi ya Django Reinhardt, akamwambia huyu unayemsikia anapiga solo kwa vidole viwili, vingine viliungua kwenye moto 1928. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi laini, baadaye akazilegeza zaidi zisimuumize, na ule uzito wa bendi yake Black Sabbath sehemu yake umetoka hapo

Asha: Juma mtoto kasema vidole vinauma wewe unamletea vilivyokatika

Juma: namtia moyo!!

Mjomba Hamisi: Neema sikiliza. Kwanza usikandamize katikati, weka kidole karibu kabisa na ule ufito wa chuma, nguvu inapungua nusu. Pili gumba la nyuma ulegeze, najua unaling'ang'ania. Tatu mwambie mama yako akubadilishie nyuzi laini, hizo za gita la kukopa ni za kufungia ng'ombe. F iache kwanza itakuja. Wiki hii mkono wa kushoto ulaze tu juu ya nyuzi zisilie, piga kwa kulia peke yake, chini juu chini juu, chaka chaka, fuata wimbo wowote wa Franco mpaka uishe

Neema: Yaani nipige bila noti hata moja??

Mjomba Hamisi: Bila hata moja

Shangazi Rehema: Nyimbo zenyewe za Franco nyingine robo saa na zaidi, atamuua mtoto

Neema: *[ujumbe wa sauti, 0:48]*

Juma: Mbona mwisho umekimbia, wimbo umekuacha au wewe umeuacha 😂

Neema: mkono ulichoka 😭

Mjomba Hamisi: Mwanzo mzuri sana. Unawahi ukifurahi. Tuma nyingine, hii uwe unahesabu kwa sauti

Babu: Mwacheni apumzike. Neema, ukimaliza hizo za mjomba wako njoo nikuoneshe gumba.