Enterprise ya futi 11: upande wa kushoto niufanyeje?

kijana_blender: Wakuu habari za jioni. Wiki ya tatu hii naichonga Enterprise, ile meli ya anga ya tamthilia ya TV Star Trek ya miaka ya 60, kwenye Blender (programu ya kuchonga 3D), siyo meli ya kwenye stori, nataka modeli yenyewe ya futi 11 waliyokuwa wanaipiga picha studio. Kulia freshi. Kushoto picha za makumbusho zinanichanganya, madirisha hayaonekani, nikakopi upande wa kulia nikageuza nikabandika ila roho inakataa. Halafu ile sahani ya juu haikai kwenye picha niliyotumiwa na jamaa aliyepiga kwa simu, nikivuta ukingo wa mbele wa nyuma unaharibika.

mzee_wa_mbao: Mdogo wangu macho yako mazima kabisa. Ile modeli iliisha Desemba 1964, mbao na plastiki, baadaye walipoiwekea taa nyaya wakazitolea kushoto, basi kamera ikawa inakaa kulia tu. Ukigeuza na kubandika umeunda meli ya stori, na wewe umesema huitaki.

mama_lensi: Kuhusu sahani, acha kuvuta meshi (umbo lenyewe la 3D)!! Simu ina lensi pana na jamaa kasimama karibu, kilicho mbele lazima kivimbe. Anza na kamera: tafuta alisimama wapi na lensi ya ngapi, fSpy, programu ya kukisia kamera kutoka kwenye picha, itakusaidia, ndo uweke modeli chini ya picha. Au tafuta picha ya mtu aliyesimama mbali akavuta kwa zumu, utapumua.

kijana_blender: Duh, siku nne nimevuta bure. Nimeweka renda (picha iliyotoka Blender) hapo mnicheki.

rangi_tupu: Mkuu hiyo mistari juu ya sahani umeichimba kama mitaro ya mvua. Ile ni penseli, watu walichora kwa rula juu ya rangi! Weka kwenye tekscha (picha ya rangi inayofunika umbo), tena hafifu. Na angalia picha zako ni za mwaka gani, ukarabati wa 1991 uliipaka madoa na mistari mizito mpaka mashabiki wakanuna (mimi mmoja wao), makumbusho ya Smithsonian inakokaa wakaja kuirudisha 2016. Juu ya sahani ndiko rangi ya zamani ilibaki, kwa hiyo rangi chukulia pale.

kijana_blender: Nimefuta kushoto kote na mitaro nimeifukia. Faili limepungua nusu, feni ya laptopu imenyamaza leo mara ya kwanza.