Maumivu ya bega baada ya kiharusi: tumwone daktari gani?

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Baba yangu alipatwa na kiharusi mwezi Machi, upande wake wa kushoto ukapooza. Mguu umeanza kupata nguvu, lakini bega linamuuma hata halali usiku, na mazoezi ya fiziotherapia sasa anayakataa. Binamu yangu aliyeko Marekani anasisitiza tumtafutie daktari bingwa wa tiba ya utengamao. Daktari huyo hufanya nini zaidi ya mtaalamu wa fiziotherapia, nasi huku tuanzie wapi?

Tabibu wa viungo, Nakuru
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Huyo ni daktari kamili aliyebobea katika kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kutembea, kula, kuoga na kuvaa, na Marekani bodi ya taaluma hiyo iliundwa mwaka wa 1947, baada ya madaktari kama Howard Rusk kuonyesha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwamba askari majeruhi wakifanyishwa mazoezi mapema hupona vyema kuliko wanaoachwa vitandani. Nchini Kenya mabingwa hao ni wachache mno, kwa hiyo kazi yao hugawanywa baina ya daktari wa mishipa ya fahamu, daktari wa mifupa na sisi wa fiziotherapia.

Jambo kubwa ni kwamba bega la mgonjwa wa kiharusi huuma kwa sababu mbalimbali. Huenda misuli imelegea na mfupa wa mkono ukashuka kutoka mahali pake. Huenda misuli imekaza, au kiungo chenyewe kimekakamaa. Na huenda maumivu yanatoka kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, hasa mkono ukiwa umevimba na kubadilika rangi. Aliyelegea huhitaji kuegemezewa mkono, aliyekaza huweza kudungwa sindano ya botulini, dawa ya kulegeza misuli, na mwenye maumivu ya neva hupewa dawa kama amitriptilini au gabapentini, ambazo ni daktari tu anayepaswa kuziandika. Ndiyo maana kumeza vidonge vya maumivu bila kupimwa hakutamsaidia mzee.

Binti wa Kakamega
Nakubaliana na tabibu, ila naomba msisubiri bingwa ndipo mumlinde mzee. Nilipokuwa nikimuuguza mama, kila jirani aliyekuja kumwinua alimshika mkono uliopooza akauvuta, na hakuna kinachoumiza bega hilo kuliko hivyo. Mshikeni kiunoni au mgongoni. Akiketi, mkono uwekwe juu ya mto. Mkandaji mwenye mafuta ya moto mkataeni kwa heshima, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mgonjwa kujua.

Mkaazi wa Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Kiganja chake kimevimba kweli, na ngozi inang'aa. Je, tuache mazoezi kwanza?

Tabibu wa viungo, Nakuru
Msiache, bali yapunguzwe yasipite kiwango cha maumivu anachoweza kuvumilia, kwa sababu mkono usiosogezwa huzidi kukakamaa. Uvimbe huo usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpelekeni wiki hii katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mkiwa na barua ya alikolazwa na orodha ya dawa zake zote, na mwombeni daktari achunguze pia kama kuna damu iliyoganda katika mkono huo kabla ya kuamua kwamba ni neva. Mwelezeni vilevile ni kazi gani mzee anashindwa kuifanya, kama kuvaa shati au kujigeuza kitandani, kwani matibabu hupangwa kwa kufuata hayo.