Tupeane uzoefu: masomo ya darasani umemaliza, tasnifu imekwama

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliosoma uzamili wa darasani unaomalizikia kwenye utafiti. Masomo wengi tunayavuka, maana kuna ratiba, mitihani na wenzako wa kukukumbusha. Ukifika kwenye tasnifu, yaani andiko la utafiti huo, hakuna anayekuuliza umefika wapi. Watu hawafeli, wanapotea tu. Mliotoka salama, mlitokaje?

Mwanamasafa: Mimi niliokolewa na kubana mada. Nilikwenda na "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana". Msimamizi akauliza: vijana gani, athari ipi, utaipimaje? Tukabaki na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja na saa zao za kulala. Hapo ndipo sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ikaanza kuandikika.

Bi Hojaji: Usitembeze hojaji kabla ya kibali cha maadili ya utafiti. Data za kabla ya kibali vyuo vingi havizitaki, hata ziwe tamu vipi. Wakati unasubiri, andika mapitio ya maandiko.

Kichwa Ngumu: Kwenye sampuli, yaani idadi ya watu utakaowahoji, ndipo utetezi mbele ya jopo hunoga. Walengwa wangu walikuwa 1,000. Kukadiria sampuli, jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 278, fomula ya Yamane kwa kosa la asilimia 5 inakupa 286. Jopo halikujali nimeshika ipi, lilitaka sababu. Nilijibu vizuri kwa kuwa hesabu ya Yamane niliifanya kwa kalamu: 1,000 gawanya kwa 3.5, hiyo 3.5 ikiwa ni 1 jumlisha 1,000 mara 0.05 mara 0.05. Aliyenitangulia alikuwa amemlipa mtu amfanyie uchambuzi kwenye SPSS, programu ya takwimu. Akaulizwa thamani ya p (kipimo cha takwimu cha kupima kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) ya 0.03 inamwambia nini, akawa anatazama dari. Halafu nje anasema kaonewa!

Mama Pacha: Sisi wenye kazi na watoto, ile wikiendi nzima ya kuandika haiji ng'o. Nilikuwa naamka kabla ya wanangu, naandika aya moja, basi. Marejeleo niliiachia Zotero, programu ya kuyapanga, tangu mwanzo, ni bure.

Mwanamasafa: Na msimamizi akiwa kimya?

Mama Pacha: "Shikamoo mwalimu, umepata nafasi ya kusoma?" haijibiwi. Tuma sura moja, maswali mawili ya kujibika kwa ndiyo au hapana, na utaje tarehe utakayoendelea na sura inayofuata. Wangu alianza kujibu kwa simu. Kimya kikizidi, mwone mratibu wa programu, na hapo humshtaki mtu.

Bi Hojaji: Mimi nimerudishiwa tasnifu na mtahini wa nje, yule wa kutoka nje ya chuo. Hoja nyingine sikubaliani nazo kabisa.

Kichwa Ngumu: Chora jedwali la safu tatu: hoja yake, ulichofanya, ukurasa. Usipokubali, andika sababu kwenye safu ya pili kwa adabu, na uweke chanzo. Mimi mbili nilizikataa hivyo, zikapita. Ila usiziruke kimyakimya, wanahesabu moja moja.