Nasoma na kusikiliza Kifaransa kila siku, lakini maneno hayakai: naombeni ushauri

Mtafutaji wa Kihesa: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Huu ni mwezi wa nne najifunza Kifaransa bila mwalimu. Usiku nasoma riwaya ya zamani niliyoachiwa na padri mmoja, na asubuhi nasikiliza redio nikienda dukani kwangu, hapa Iringa. Daftari limejaa, lakini nikilifungua baada ya wiki, maneno mengi yamenitoka. Je, niendelee hivi au nikariri orodha?

Babu wa Uyole: Kinyakyusa nilifundishwa na mama mkwe, Tukuyu. Mwaka mzima nilijua salamu ya "ugonile" tu, hadi siku aliponituma ndizi nami nikamletea jembe. Neno hilo sijalisahau tena.

MwanaGangilonga: Riwaya imekuzidi, kaka. Katika makala yake ya 2006, Paul Nation, mtafiti wa ujifunzaji wa msamiati, alikadiria kwamba msomaji wa riwaya za Kiingereza anahitaji familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) 8,000 hadi 9,000 ili limshinde neno moja tu katika kila 50. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, ya dakika 10, yenye maandishi yake: isikilize kwanza, kisha irudie ukiyafuata maandishi. Lakini mbona una haraka? Kuna mtihani?

Mtafutaji wa Kihesa: Hakuna mtihani. Ni usaili tu, wa kuongoza watalii Ruaha, baada ya siku 19. Katika barua ya maombi niliandika kwamba nakizungumza kwa ufasaha, na duka nimeshamkabidhi mdogo wangu. Kila mwombaji huongeza chumvi kidogo.

Mama Mufindi: Mwanangu, hiyo si chumvi, ni uongo. Mgeni aliye mbele ya tembo mwenye ndama anategemea neno lako.

Shahidi: Asubuhi unaenda dukani kwako, jioni duka umeshalikabidhi. Mwezi uliopita ulikuwa na parachichi Njombe. Hii ni hadithi ya kutunga.

Mtafutaji wa Kihesa: Duka nililikabidhi Jumatatu, na parachichi zilikauka, ndiyo maana natafuta kazi. Ningekuwa natunga, nisingejiaibisha hivi: jana redioni nilisikia "il se trompe" nikafurahi, nikidhani wanazungumzia mkonga wa tembo, ambao ni "trompe", kumbe mtu amekosea tu. Riwaya imenipa upanga, mjane na kinu cha upepo, mkia siujui.

MwanaGangilonga: Mkia ni "queue", na foleni ni neno hilohilo. Sasa nimekuamini. Weka riwaya kando, utafute makala tano fupi kuhusu tembo, kisha tano kuhusu twiga, kwa sababu maneno yaleyale yatakurudia mpaka yakuzoee. Orodha nayo ina kazi yake, mradi uipitie kesho, keshokutwa na wiki ijayo. Na uwapigie simu, urekebishe ile barua.

Mtafutaji wa Kihesa: Simu hapana, wataniondoa kabla sijaonekana. Tembo naanza naye usiku huu.

Shahidi: Siku ya 20 nitarudi hapa kuuliza.

Babu wa Uyole: Na jembe, kwa Kifaransa, wanaliitaje?