Mashemasi wenye wake: vigango vya Bagamoyo vinawahitaji?

Mleta mada: Tumsifu Yesu Kristo. Masika yaliyopita tulimzika mzee wetu kigangoni, kwenye kanisa letu dogo lililo mbali na parokia, upande wa Kiwangwa. Gari la padre lilikwama kwenye tope, katekista, mwalimu wetu wa dini, akaongoza mazishi. Usiku, pale msibani, shemeji yangu akauliza: kwa nini hatuna mashemasi wa kudumu, wale wanaobaki mashemasi bila kuendelea na upadre? Tulibishana mpaka chai ikapoa, nauleta ubishi huku.

Sisi shemasi tunayemjua ni frateri aliye njiani kwenda upadre. Miezi sita, mwaka, tunamchangia sherehe, huyoo. Kumbe Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulishafungua njia ya ushemasi wa kudumu, na 1967 Papa Paulo VI akauwekea taratibu. Mwenye mke anapewa daraja hilo kuanzia miaka 35, mkewe akiridhia. Anabatiza, anafungisha ndoa, anahubiri, anazika. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na hadi leo kigango kinasikilizia mlio wa pikipiki ya padre. Naunga mkono.

Katekista mstaafu: Milele amina. Mwanangu, watu wa kigangoni wanalilia nini? Misa na kitubio. Shemasi haadhimishi Misa, haondolei dhambi, hampaki mgonjwa mafuta. Utamvika mtu stola, ule mkanda wa daraja, na njaa iko palepale. Kuzika nimezika mimi, na posho yangu ilikuwa "Mungu akubariki, Mwalimu". Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa rasmi katika Kanisa zima. Anzeni na hiyo.

Mama Dunda: Hilo la "mkewe akiridhia" mmelipita mbio. Someni mbele: mke akifa, shemasi haoi tena, labda apate ruhusa ya Roma. Mume wangu ana miaka 38, mtoto wa mwisho bado ananyonya. Niridhie? Na tutakula nini?

Kijana wa kwaya: Kitakuwa cheo kingine tu. Mtagombea viti vya altareni.

Mleta mada: Mama, chakula ni jasho lake. Kwingine mashemasi wengi wa kudumu wana kazi zao, na hapa mtu anaweza kuvua wiki nzima, Jumapili akahubiri. Hilo la mke kufa sina jibu, nisikudanganye.

Mwalimu, nakubali, shemasi hatatuletea Misa. Ila tunampima kwa kipimo cha padre, kama padre nusu. Matendo ya Mitume sura ya 6, wale saba walichaguliwa kwa sababu wajane walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Ilianza kwenye sufuria! Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa 258, anakumbukwa kwa maskini aliowatunza. Na 2009 Papa Benedikto XVI aliinyoosha sheria ya Kanisa: shemasi anapewa nguvu ya kulitumikia taifa la Mungu katika liturujia, Neno na upendo. Hapo kwenye upendo ndipo ninapomtaka. Kigangoni kwetu kuna wajane ambao padre hawajui hata kwa sura, na si kosa lake, anakuja mara moja kwa mwezi.

Katekista mstaafu: Wajane wanajulikana na jumuiya zao, majirani wanaosali pamoja. Daraja la nini?

Mama Dunda: Tena hao wajane tunawapikia sisi WAWATA, akina mama Wakatoliki, mchele tunachanga wenyewe. Sasa daraja apewe mume wangu, mchele niendelee kuchanga mimi?